Pikapu ya zamani, mzigo wa leo: Stelingi inayotetemeka isikupeleke dukani kabla ya kulala chini ya gari

Barabara inayotoka Benako kwenda Rusumo huteremka hadi kwenye daraja la mto Kagera. Upande huu wa daraja magari yanashika kushoto, upande wa pili yanashika kulia. Dereva aliyebeba mzigo hulazimika kupunguza mwendo, kusoma alama za barabarani na kuhamisha macho yake kutoka bega moja hadi jingine, yote ndani ya dakika chache. Hapo si mahali pa kuwa na gari ambalo stelingi yake haimsikilizi mwenyewe.

Kwenye mteremko wa namna hiyo ndipo mama mmoja anayepeleka mchele wa Kahama sokoni Rwanda alipoamua kwamba pikapu yake imefika mwisho wa subira. Ni Land Cruiser ya mwaka 1993, ile ambayo mafundi huiita kwa namba zake, HZJ75, yenye injini ya lita 4.2 isiyo na turbo na springi za majani mbele na nyuma. Kwa miezi kadhaa dereva wake alikuwa akilalamika kwamba gari likifika kilomita 70 kwa saa na kukanyaga shimo, mbele yote inaanza kutetemeka. Stelingi inapiga mikono kulia na kushoto, bodi inatikisika, na haliachi mpaka gari lipunguzwe hadi karibu kusimama. Siku hiyo lilianza katika kona ya kuteremka, magunia yakiwa kumi, na lori likipanda mbele yao. Dereva alilishika. Hakuna aliyeumia, lakini mama alishuka na kumaliza safari kwa pikipiki, gari likifuata nyuma polepole.

Ushauri aliopewa na madereva wenzake mpakani ulikuwa wa aina moja: inua gari, weka springi nzito, tairi kubwa na shokapu ya stelingi mpya. Kila mmoja alikuwa na jamaa anayeuza kimojawapo.

Fundi aliyempelekea, mzee mwenye gereji ya mabati kando ya barabara, hakuuza chochote siku ya kwanza. Aliomba jeki, kipande cha bomba na kijana wa kukalia kiti cha dereva.

Gari ambalo halitaki kufa

Kabla ya kuingia chini ya gari, inafaa kueleza kwa nini magari haya bado yapo barabarani. Toyota ilianza kuuza familia ya 70 mwaka 1984, ikichukua nafasi ya familia ya 40 iliyokuwa imetamba tangu mwaka 1960. Pikapu ya 75 ilitengenezwa mpaka mwaka 1999, ilipopisha 79 ambayo mbele yake ina springi za koili badala ya majani. Hivyo 75 changa kuliko zote sasa ina umri wa mtu mzima. Hata hivyo, kuanzia Arusha hadi Goma, kuanzia Arua hadi Mbeya, bado inabeba ndizi, vitunguu, samaki wakavu na mabomba ya maji.

Sababu yake ni rahisi. Mbele kuna ekseli moja nzima, bomba nene la chuma lenye difu ndani yake, lililofungwa kwa yu-bolti juu ya springi. Karibu kila kitu kinachochakaa kinaweza kufunguliwa kwa spana za kawaida na kubadilishwa chini ya mwembe. Urahisi huo huo ndio unaowaponza wenye magari. Kwa kuwa gari linaendelea kwenda hata likiwa limechakaa, uchakavu unazoeleka. Stelingi ikilegea kidogo, dereva hujifunza kuizungusha zaidi. Mwaka mmoja baadaye anaendesha kama anayepiga makasia na anaona ndivyo Land Cruiser zilivyo.

Kipimo kisicho na gharama

Alichofanya yule mzee kila mwenye pikapu anaweza kukisimamia, hata kama hajawahi kushika spana. Kwanza gari lilisimama chini, tairi zote nne ardhini, injini ikinguruma. Kijana alizungusha stelingi kidogo kulia na kidogo kushoto, bila kukoma, huku mzee amelala chini na kiganja chake kikishika jointi moja baada ya nyingine. Jointi nzima inasogea yote kwa pamoja. Jointi iliyokufa husogea upande mmoja kabla ya upande wa pili kuanza, na mkono hulisikia hilo kabla ya jicho kuliona. Tairodi endi mbili zilikuwa zimekwisha.

Kisha mbele ikapandishwa jeki na ekseli ikawekwa juu ya stendi. Mzee akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akamwambia kijana akanyage breki na kushikilia, akatikisa tena. Likacheza vilevile.

Hatua hiyo ya breki ndiyo mafundi wengi wa haraka huiruka, na ndiyo inayotenganisha magonjwa mawili yanayofanana. Breki ikikanyagwa, diski inashikana na kitovu cha gurudumu. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Mchezo ukibaki, tatizo liko ndani zaidi, kwenye beringi za kingipini, zile mbili, moja juu na moja chini, ambazo mkono wa gurudumu huzungukia wakati wa kukata kona.

Kwenye gari la mama huyo mchezo ulibaki. Huo ndio uliokuwa mzizi wa tetemeko.

Beringi ndogo, kazi kubwa

Beringi za kingipini hazizunguki kama za gurudumu. Zinageuka robo duara tu, mbele na nyuma, miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo hazichakai kote kwa usawa: roli zake hujichimbia vishimo palepale stelingi inapokuwa imenyooka, yaani mahali gari linapotumia muda mwingi zaidi. Zikishalegea, mkono wa gurudumu unapata nafasi ya kutingishika. Shimo moja linatosha kuanzisha mtikisiko, gurudumu la kulia linamsukuma la kushoto kupitia tairodi, la kushoto linarudisha, na nguvu inakua kila mzunguko.

Shokapu ya stelingi ambayo mama alishauriwa kununua ingeweza kuyanyamazisha hayo kwa muda. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Shokapu mpya juu ya beringi mbovu humfanya dereva aamini gari limepona, aongeze mwendo na mzigo, na tetemeko likirudi linarudi katika kilomita 90 badala ya 70.

Kazi yenyewe ni ya siku nzima kwa kila upande, na ni chafu. Kitovu cha gurudumu kinatoka, kisha spindo, kisha jointi ya ekseli yenye mipira ya chuma, ndipo mkono wenyewe unafunguka. Ndani ya gari hili kulikuwa na uji mweusi badala ya grisi. Sili ya ndani ya ekseli ilikuwa imekufa, na oili ya difu ilikuwa ikitiririka hadi kwenye mkono wa gurudumu na kuyeyusha grisi yote. Dalili yake huonekana kwa nje bila kufungua kitu: ile tufe kubwa ya chuma nyuma ya gurudumu inakuwa na unyevu mweusi, na upande wa ndani wa tairi unarukiwa na oili. Mwenye gari akiona hivyo asisubiri, kwa sababu breki iko jirani.

Kuna jambo moja ambalo linafaa kusimamiwa kwa macho. Juu na chini ya mkono huo kuna shimu, vipande vyembamba vya chuma vinavyoamua beringi zibanwe kiasi gani na mkono ukae katikati ya ekseli. Za juu si lazima ziwe sawa na za chini. Fundi anayezimwaga zote kwenye kopo moja la petroli amepoteza kipimo cha kiwanda. Akizirudisha kwa kubahatisha, mkono utakaa pembeni na sili mpya italiwa ndani ya miezi michache. Mzee wa Rusumo alizifunga kwa waya, za juu peke yake, za chini peke yake, na kila upande wa gari kwenye kitambaa chake. Baada ya kufunga beringi mpya, aliuvuta mkono kwa mizani ndogo ya springi, ya aina ile ile inayotumiwa na wachuuzi wa nyama, ili kuona unahitaji nguvu kiasi gani kuanza kugeuka. Kiwango kimo katika kitabu cha mafundi cha gari lenyewe. Ukigeuka kama mlango uliotiwa mafuta, bado umelegea.

Skrubu inayodanganya

Beringi zikiwa mpya na tairodi endi mpya, stelingi ilikuwa bado na nafasi katikati, karibu upana wa vidole vitatu. Hapo macho yakahamia kwenye boksi la stelingi.

Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kuifunga. Madereva wengi wanaijua, na wengine huikaza wenyewe kila stelingi inapolegea. Kwa muda mfupi gari hunyooka. Lakini meno ya ndani ya boksi huchakaa zaidi katikati kuliko pembeni, kwa sababu ileile ya beringi. Skrubu ikikazwa mpaka katikati pakae vizuri, pembeni panabana. Dereva akikata kona kali stelingi inakataa kurudi yenyewe, na meno yanasagana. Marekebisho kidogo yanaruhusiwa, magurudumu yakiwa yamenyooka, na baadaye stelingi izungushwe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kuhakikisha haibani popote. Ikibana popote, skrubu imekwisha kazi yake na boksi linataka kufunguliwa au kubadilishwa.

Boksi la gari hili lilikuwa limekazwa mara nyingi kiasi kwamba skrubu ilikuwa imefika mwisho.

Boksi la upande mwingine

Mama alikuwa ameshanunua jingine. Kabla ya kufika gereji, jamaa yake alimpatia boksi lenye pawa stelingi kutoka soko la spea upande wa pili wa mpaka, likiwa safi, halivuji, na kwa bei nzuri. Lilikuwa la Land Cruiser ileile ya 75. Mzee aliligeuza mara moja juu ya meza na kulirudisha ndani ya gunia.

Lilikuwa boksi la gari la usukani wa kushoto.

Kosa hili si la mtu mjinga, na kwa wafanyabiashara wa mipakani ni rahisi kulitenda kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi wanashika kushoto, na magari yao kwa kawaida yana usukani wa kulia. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini wanashika kulia. Gari ni lilelile, jina ni lilelile, namba ya modeli inafanana, lakini kila kitu kati ya mikono ya dereva na gurudumu kimegeuzwa. Hata Ghuba, ambako spea nyingi zilizotumika hutoka, magari ya huko yana usukani wa kushoto. Sharjah, ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hununua, kuna boksi za pande zote mbili kwenye rafu moja, kwa kuwa zipo pia spea zilizotoka Japani.

Kwa hiyo anayenunua ng'ambo atenganishe vitu vya kuhama na visivyohama. Beringi za kingipini na za gurudumu, sili, bushi, yu-bolti, sentabolti na tairodi endi kwa kawaida havijali dereva anakaa wapi, mradi modeli na mwaka vilingane. Boksi la stelingi, mkono unaotoka kwenye boksi, fimbo inayotoka hapo kwenda kwenye gurudumu, mkono wa kwenye gurudumu unaoipokea fimbo hiyo, na shafti ya kutoka kwenye usukani, hivyo vyote viulizwe upande wake kabla ya fedha kutolewa. Njia nzuri ni kubeba kile kibovu. Picha kwenye simu husaidia, lakini picha haionyeshi idadi ya meno ya shafti.

Springi za majani pia zinahitaji jicho. Kwenye baadhi ya Land Cruiser springi ya upande wa dereva si sawa na ya abiria, kwa kuwa kiwanda kilifidia uzito. Seti iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto inaweza kuliacha la kulia limeinama kidogo upande mmoja. Dawa ni kuzibadilishana pande, jambo ambalo mtu hulikumbuka akiwa ameshafunga.

Na kwenye forodha kuna jambo linalowachanganya wengi. Cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile kinachotumika kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mchele wa Kahama unakistahili. Boksi la stelingi lililotengenezwa Japani halikistahili, hata kama limekaa Kigali miaka ishirini. Anayelivusha ndani ya gunia la mchele anahatarisha mchele.

Pawa stelingi: pale inapolipa

Maboresho ya kweli ambayo mzee aliyakubali kwenye gari hili yalikuwa mawili tu, na la kwanza ni pawa stelingi. Pikapu ya mama ilikuwa miongoni mwa zile zilizotoka kiwandani bila hiyo. Kwa mtu anayeendesha barabara kuu tupu, stelingi ya mikono inavumilika. Kwa dereva anayegeuza gari lenye tani moja kwenye yadi ya forodha mara kumi kwa siku, inamaliza mabega, na dereva aliyechoka hushindwa kulizuia gari siku ya shida.

Kinachotakiwa si boksi peke yake. Kuna pampu yake, sehemu ya kuifungia kwenye injini hiyohiyo, tangi dogo la oili, mabomba ya presha na ya kurudi. Kununua boksi leo na pampu mwezi ujao kutoka gari jingine ndiyo njia ya kujikuta na vitu viwili visivyoelewana. Seti itoke kwenye gari moja, au itafutwe kwa namba za spea. Baada ya kufunga, mbele inapandishwa jeki na stelingi inazungushwa polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku oili ikiongezwa, ili hewa itoke. Oili ikiwa na povu, hewa bado imo. Na dereva aonywe asiishikilie stelingi ikiwa imefika mwisho wa kona. Ule mlio wa pampu ni kilio.

Wenye pikapu za familia ya 40, kama HJ47 za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Stelingi yao hupita kwenye mkono wa katikati uliofungwa kwenye fremu, na kati ya boksi na magurudumu kuna jointi sita. Kila moja ikilegea kidogo, jumla yake inakuwa kubwa. Mafundi wengi huondoa mpangilio huo na kufunga boksi la pawa la familia ya 60. Kazi hiyo inawezekana na imefanywa duniani kote, ila inadai uangalifu katika fremu. Fremu ni sanduku lenye uwazi ndani. Ukipitisha bolti na kukaza tu, kuta zake zinaminywa, bolti zinalegea, kisha chuma kinapasuka. Lazima vipande vya bomba vichomelewe ndani ya fremu ili bolti zipite humo na zikazwe dhidi ya bomba. Hata kwenye magari ambayo hayajabadilishwa, eneo la kuzunguka boksi la stelingi lioshwe na kuangaliwa kwa tochi. Ufa mwembamba kama unywele mahali hapo si wa kusubiri msimu ujao.

Kuchomelea fremu ni jambo moja. Kuchomelea mkono wa stelingi, tairodi iliyokatika au fimbo iliyopinda ni jambo jingine, na halina nafasi ya kujadiliwa. Chuma hicho kimepikwa kiwandani kwa ugumu maalumu, na moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo. Kinabadilishwa kizima.

Mbele inapoelea

La pili lilikuwa springi, lakini si kwa namna mama alivyotarajia. Alitaka nyuma ziongezwe majani ili zibebe magunia zaidi. Mzee alimwomba amwonyeshe yanavyopangwa. Dereva akapanga kama kawaida: matatu ya mwisho yakakaa nyuma kabisa, juu ya mlango wa bodi uliolazwa.

Hesabu yake ni fupi. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya 75 kuna mita 2.98. Magunia matatu ya kilo 100, yakikaa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, hayaongezi kilo 300 nyuma tu. Yanafanya kazi kama mtoto mkubwa kwenye ubao wa bembea. Yanaondoa karibu kilo 100 kutoka magurudumu ya mbele na kuzihamishia nyuma, ambako sasa kunabeba kama kilo 400. Mbele inakuwa nyepesi. Taa zinaangaza miti, stelingi inakuwa laini kwa namna inayopendeza, na breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, hazina uzito wa kushikia. Kuongeza majani nyuma kungelinyanyua gari lionekane sawa. Uzito wa mbele usingerudi.

Magunia yakasogezwa hadi kwenye ukuta wa kabini na mawili yakabaki chini. Hilo lilikuwa gumu kuliko kazi yote ya spana, kwa sababu magunia mawili kila safari ni fedha, na mama alibishana kwa muda. Alikubali kwa shingo upande, baada ya kukumbushwa ile kona.

Springi za mbele zenyewe zilikuwa zimelala tambarare, bushi zimeliwa mpaka chuma kinagusa chuma. Zilibadilishwa kwa seti yenye majani machache, manene katikati na membamba kuelekea ncha, yanayogusana katikati na mwishoni tu. Kwa kuwa hayasuguani urefu wote kama ya kale, mbele inafuata mashimo badala ya kuyapiga. Bushi mpya na shokapu zinazolingana na springi hizo zilikwenda pamoja. Shokapu laini juu ya springi za namna hiyo huliacha gari likirukaruka.

Kuhusu kuinua gari, mzee hakukubali. Shakeli ndefu za mbele, ambazo ndizo njia ya bei nafuu ya kuinua, hugeuza ekseli na kupunguza ule mlalo wa kingipini kuelekea nyuma unaoifanya stelingi ijinyooshe yenyewe baada ya kona. Gari linakuwa refu na linatangatanga. Anayelazimika kuinua, kwa mfano kwa ajili ya barabara za mito, aweke kabari za chuma kati ya springi na ekseli kurudisha mlalo huo, na apimiwe kwenye mashine.

Wapo pia wanaokata sehemu za springi za majani na kuhamishia ekseli ya mbele ya 79 yenye koili. Gari linakuwa na starehe, na kwa kampuni ya utalii yenye gereji yake ni uamuzi unaoeleweka. Kwa mfanyabiashara wa mchele ni gharama isiyorudi. Inahitaji viti vya koili, mikono ya kushika ekseli na fimbo ya pembeni, vyote vichomelewe kwenye fremu kwa vipimo sahihi, na kampuni ya bima ielezwe mabadiliko hayo kabla ya safari inayofuata. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA, humlinda anayegongwa ng'ambo. Dereva asitegemee ilitengeneze gari lake mwenyewe. Hilo ni suala la bima yake ya nyumbani na maswali itakayouliza.

Safari ya kwanza

Kazi ilichukua siku tano, mbili kati yake zikiwa za kusubiri boksi la usukani wa kulia lililoletwa na basi. Alaimenti ilipimwa mjini, magurudumu ya mbele yakafungwa yaelekee ndani kwa milimita chache, na rimu zikabalansiwa. Rimu moja ilikuwa imepinda, nayo ikahamishiwa kuwa tairi la akiba.

Mzee alitoa sharti moja: gari lirudi baada ya kilomita 1,000 ili yu-bolti zikazwe tena, kwani springi mpya hujikalia na bolti hulegea. Dereva alirudi baada ya safari mbili za kwenda na kurudi mpakani. Yu-bolti zote nane zilikuwa zimelegea, mojawapo kiasi cha kugeuzwa kwa spana bila kutumia nguvu.

Lile boksi la usukani wa kushoto lilikaa chini ya meza ya gereji kwa wiki sita. Kisha dereva mmoja wa Burundi, aliyekuwa akielekea Kabanga na 75 yake ikivuja oili ya pawa stelingi, akasimama kuuliza maji ya rejeta, akaliona.